Wangeshuka Malemba, Wangeshika Kutu

Mpwa wangu ameniharibia Star Wars, na sijui hata nikamshtaki wapi. Muda wote huu nilikuwa nikimtunzia filamu ile ya George Lucas ya mwaka 1977. Nilimwahidi kwamba akimaliza shule ya msingi nitamwonyesha mambo makubwa: vita vya nyota, panga za mwanga, na yule Darth Vader wa joho jeusi anayehema mpaka nywele zinakusimama. Kumbe wahuni wenzake wa mtaani walishanitangulia. Walimpeleka kwenye banda la video wakamwonyesha Spaceballs ya Mel Brooks, ya mwaka 1987, ambayo kazi yake kubwa, tangu picha ya kwanza, ni kuicheka Star Wars. Siku nilipomwekea ile yenyewe alikaa kimya, akakunja uso, halafu akanigeukia kwa huruma.

"Mujomba, hii njo kopi," akasema. "Balikamata filme ya ule wa kofia mukubwa, bakatosha bicheko yote."

Nikamweleza kwamba Vader ndiye aliyetangulia, na yule wa kofia kubwa, Dark Helmet, alikuja miaka kumi baadaye kumkejeli. Akanisikiliza kwa adabu zote za mtoto aliyelelewa. Kisha akauliza kama huyu wangu naye atainua kifuniko cha uso aseme kwamba humo ndani hakupumuliki.

Hatainua. Hapo ndipo nilipokwama. Katika Spaceballs jitu linaingia kwa vishindo, linahema, askari wote wanakakamaa, halafu linafunua uso na kulalamika kuwa linakosa hewa. Ndani yake yumo Rick Moranis, mtu mfupi mwenye miwani, uso wa karani wa sensa. Ukishamwona huyo, huwezi tena kumwogopa Vader. Unakaa unamngoja afunue, na filamu nzima inapita hajafunua, na unatoka umedhulumiwa.

Tangu siku hiyo naulizwa mtaani nilikopata filme ile mbovu isiyochekesha.

Nimelalamika kwa mwenye banda. Yeye ni patroni kwa sababu moja tu, kwamba ndiye mwenye grupu, yaani jenereta, na projekta, na hapa kwetu Malemba-Nkulu mwenye grupu hujibu malalamiko akipenda. Banda lenyewe ni mabati na maturubai, mabenchi ya mbao yenye misumari iliyochoka kukaa ndani, na harufu ya samaki wa mto Lualaba inayoingia bila kulipa. Mvua ikipiga bati, filamu inakuwa ya bubu. Mafuta yakipungua, patroni anazima dakika ishirini kabla ya mwisho na kutangaza kwamba yule mwema ameshinda, nendeni mkalale. Kuna filamu nyingi duniani ambazo mimi mwisho wake naujua kwa tangazo la patroni tu.

Filamu hutoka Lubumbashi ndani ya flash, zikiwa tayari zimetiwa sauti za Kifaransa. Hupita Bukama, hupanda boti la mbao pamoja na magunia ya chumvi, sabuni na mbuzi, na hutufikia siku mto unapotaka. Yupo kijana tunayemwita operata. Huyu hukaa pembeni na kipaza sauti na kutafsiri Kifaransa kwa Kiswahili, na akichemka huhamia Kiluba. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na VJ Emmie wamepata jina duniani kwa kazi ya namna hiyo. Ile Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 isingekuwa nusu ya ilivyo bila VJ Emmie kupiga kelele juu ya risasi. Wetu jina hajapata, ila sauti anayo.

Sasa sikiliza. Operata naye hajawahi kuona Star Wars. Mabenchi yote yale hayajawahi kuona Star Wars. Wenye elimu ya filamu husema kejeli ni kupe, huishi mgongoni mwa kile inachokikejeli. Mwenye mgongo akifa, na yeye anakufa. Nilikuwa nawaamini kabisa. Lakini njoo ukae kwenye lile benchi, uangalie pale bwana Kofia Kubwa anapotoa amri jangwa lichanwe lote hadi wakimbizi wapatikane. Kamera inakwenda kwa askari wake: wanaburuta kichanuo kikubwa kuliko lori juu ya mchanga, wamenyooka, wana bidii, jasho linawatoka. Operata hakueleza chochote kuhusu Star Wars. Alisema tu, "Mukubwa alisema bachane. Beko banachana." Banda likalipuka. Aliyecheka zaidi kuliko wote, akapiga na paja, alikuwa mtu wa magwanda aliyeingia bure, nami namjua, mwaka jana alipewa amri ya kuhesabu baiskeli zote za mtaa, akazihesabu, na hadi leo hakuna aliyemuuliza jibu.

Mgongo wa nani hapo?

Filamu zile nzito zina ugonjwa mmoja, zinaahidi. 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968, iliahidi kwamba ikifika 2001 binadamu watakuwa njiani kwenda Jupiter. Mwaka 2001 ulifika, na hapa kwetu safari iliyokuwa ikizungumzwa ilikuwa ya kuikimbia vita, kujificha visiwani kwenye mafunjo. Blade Runner ya mwaka 1982 iliweka magari yanayoruka mwezi wa Novemba 2019. Back to the Future ya pili nayo ikayaweka 2015. Mwaka huo 2015 mimi nilikuwa macho kabisa, nikiangalia juu. Gari la kuruka sikuliona. Tulichopata ni mkoa: Katanga ilikatwa vipande vinne, sisi tukaangukia Haut-Lomami, makao makuu Kamina, na barabara ya kwenda huko Kamina ikabaki na mawazo yake ya zamani.

Filamu ya mzaha haiahidi. Chombo chake kimeharibika tangu mwanzo, kwa hiyo hakizeeki. Dark Star ya John Carpenter, ya mwaka 1974, ilitengenezwa kwa hela za kuokoteza, na kila kitu humo kinaonyesha. Wale wanaanga wamekaa angani miaka, wamechokana, hawaoshi vyombo, na akiba yao yote ya karatasi za choo imeteketea kwa hitilafu ya chombo. Kiumbe wa ajabu waliyemfuga ni mpira wa ufukweni uliopakwa rangi na kuvishwa makucha. Halafu kuna bomu linalojua kuongea. Bomu linakataa kutii, linabishana, na kamanda inambidi alifundishe falsafa ili lisilipuke. Mimi nimewahi kukaa kwenye vikao vya ukoo kuhusu mahari. Bomu lile namjua ni shemeji wa upande gani.

Na hapa lazima nimpe mpwa wangu haki yake, ingawa inaniuma. Aliyeandika Dark Star pamoja na Carpenter ni Dan O'Bannon. Aliona watu hawakucheka vya kutosha na ule mpira wake wa makucha, akaamua basi awatishe. Akaandika Alien, iliyotoka mwaka 1979, na dunia nzima ikalala taa zikiwaka. Kwa hiyo jitu la kutisha kuliko yote ya sinema lilianza likiwa mpira. Mzaha ndio ulikuwa wa kwanza. Utisho ulikuja baadaye, ukavaa vizuri, ukajidai ndio mwenye nyumba. Rudi nyuma zaidi, mwaka 1902, kwa Georges Méliès wa Ufaransa na safari yake ya mwezini: maprofesa wenye kofia za ncha wanagombana kwenye mkutano, wanafyatuliwa kwa mzinga, na chombo kinamchoma Mwezi jichoni. Hiyo ndiyo baba wa filamu zote za anga, na ni kichekesho kuanzia nukta ya kwanza. Mtoto wa Malemba asiyejua tarehe hata moja amesema kopi ni ile isiyochekesha, na kumbukumbu za sinema ziko upande wake. Sijamwambia. Atavimba kichwa.

Kizazi changu tulilelewa na Louis de Funès, nawajulisha tu, msidhani tulizaliwa na flash. Mwaka 1979 alitoa Le Gendarme et les extra-terrestres, ambamo wageni wa anga wanafika Saint-Tropez wakiwa na sura za watu wa kawaida, hata za maaskari wenyewe. Utawatambuaje? Wanakunywa mafuta ya mashine. Ukiwagonga wanalia mlio wa debe tupu. Na maji yakiwagusa wanashika kutu. Basi de Funès anazunguka mji mzima akigonga migongo ya watu, akiwemo mkubwa wake.

Filamu hii patroni huionyesha kila masika, na kila masika mabishano ni yale yale: wageni hao wakishuka hapa watadumu siku ngapi? Tuna Lualaba mlangoni. Tuna bonde zima la Upemba, maziwa na mabwawa na mafunjo, na mvua isiyojua kwamba jana ilinyesha pia. Baiskeli yangu, iliyotengenezwa kwa ajili ya dunia hii hii, ina kutu mpaka kwenye kengele. Cherehani ya mke wangu inalia kuliko mtoto. Bati la nyumba nililoezeka juzi juzi limeshageuka rangi ya mawese. Wageni wa de Funès wangeshuka asubuhi, mchana wangeanza kukwaruza, na kabla ya wiki kwisha mafundi baiskeli wa sokoni wangekuwa wanawauza kwa kilo. Kuhusu mafuta ya mashine, hata wasijaribu. Lita ikifika hapa imeshakuwa na bei ya dawa, na nusu yake ni kitu kingine.

Miaka miwili baadaye de Funès akatoa La Soupe aux choux, na hii ndiyo inayowaliza wazee. Wazee wawili wa kijijini, wanywaji, wapweke, usiku mmoja wanashindana kuachia upepo nje ya nyumba. Sauti inapaa hadi sayari nyingine, na mgeni anashuka kuja kuona nani kaita. Anapewa bakuli la supu ya kabeji. Hajawahi kuonja kitu kama hicho maishani mwake. Kwisha habari za silaha, kwisha habari za kuitawala dunia. Mgeni anachotaka ni kurudi kwao na sufuria. Hii hatuhitaji operata aitafsiri. Mgeni yeyote aliyewahi kushuka botini hapa kwa kiburi, akalishwa bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa leo leo, ameondoka akiuliza habari za viwanja.

Lakini watu wa Katanga hatuna haja ya kuambiwa na Wafaransa kwamba roketi inachekesha. Tuliwahi kuwa na ya kwetu.

Mwaka 1975 rais wetu wa siku zile, Mobutu, alitia saini mkataba na kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser. Akaipangisha kipande cha Shaba, maana ndivyo Katanga ilivyoitwa siku zile, chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 100,000. Chukua Rwanda nzima na Burundi nzima uzitie humo, bado karibu nusu inabaki tupu. Uwanja wa kurushia ukajengwa upande wa Manono, mashariki mwetu, kwenye uwanda wa juu ulio ukingoni mwa bonde la mto Luvua. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Kurt Debus, yule yule aliyekiongoza kituo cha Kennedy cha NASA Wamarekani walipokwenda mwezini. Hawakuwa wababaishaji.

Wazo la Kayser lilikuwa rahisi. Roketi za wakubwa ni ghali mno, basi yeye atatengeneza ya bei ya chini: unachukua mabomba membamba yaliyo sawasawa, unayafunga pamoja kwa mafungu, ukitaka nguvu zaidi unaongeza mabomba. Ndani unatia mafuta ya taa na tindikali. Na valvu za kupitishia hayo mafuta zinafunguliwa na kufungwa na mota za kufutia vioo vya gari. Narudia, kwa sababu najua umesoma ukapita. Mota ile inayofuta mvua kwenye kioo cha gari ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kulipeleka bomba la Mobutu angani. Mel Brooks mwenyewe, na wendawazimu wake wote, alichothubutu ni kurusha angani basi la kulala watalii lenye mabawa.

Tena iliruka. Tarehe 17 Mei 1977 roketi ya kwanza ya OTRAG iliondoka kwenye ardhi ya Shaba na kupaa vizuri. Star Wars ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1977. Hesabu mwenyewe. Katanga ilimtangulia George Lucas kwa siku nane, na hatujapata hata senti. Ya pili ilirushwa tarehe 20 Mei 1978. Siku moja kabla, askari wa miavuli wa Ufaransa walikuwa wameshukia Kolwezi kwenye vita. Yaani ndani ya wiki moja, mkoa huo huo, kuna wazungu wanaodondoka kutoka angani na wazungu wanaorusha vitu kwenda angani, na raia katikati anatafuta chumvi. Halafu tarehe 5 Juni 1978 wakamkaribisha Mobutu mwenyewe aje kuona ya tatu. Kiti kikawekwa, kofia ya chui ikakaa sawa, wajumbe wakajipanga. Roketi ikainuka, ikasitasita, ikainama pembeni, ikaporomokea bondeni.

Mimi hupenda kuifikiria ile dakika iliyofuata. Nani alipiga makofi kwanza? Maana lazima yupo aliyepiga. Mbele ya Mobutu hukai mikono mapajani hata roketi ikiingia mtoni. Natamani picha za wale waliosimama nyuma ya kiti, zile nyuso zinazongoja kuona Mkubwa atacheka au atanuna, ili zijue nazo zifanye nini. Ile ni Dark Helmet na askari wake kabisa. Mwaka uliofuata, 1979, wakubwa wa dunia walipomsakama Mobutu, Wasovieti wakiwa mbele na hofu yao kwamba Wajerumani wanatengeneza makombora, Kayser akafungashiwa virago. Akahamishia mabomba yake Libya.

Hapa Malemba kila mzee aliyevuka miaka 60 aliiona roketi hiyo kwa macho yake mawili. Manono ni mbali, na katikati kuna vilima na mabwawa, lakini usithubutu kubisha kama unataka kuendelea kusalimiwa. Mmoja hudai ilipita juu ya mtumbwi wake ikamtisha samaki. Mwingine husema usiku ule alisikia harufu ya tindikali kwenye bukari. Mwanzo nilikuwa nikiwarekebisha. Siku hizi nawasikiliza, kwa sababu hadithi zao zimekuwa zikiboreka mwaka hadi mwaka, wakati ripoti za OTRAG zimebaki pale pale.

Majirani wetu wa kusini nao hawakulala. Zambia, mwaka ule ule wa uhuru wao, 1964, mwalimu Edward Makuka Nkoloso alitangaza kwamba atawapeleka Wazambia mwezini na hata Mars kabla ya Wamarekani na Warusi. Wanafunzi wake aliwaingiza kwenye pipa la mafuta na kuwabingirisha mlimani ili wazoee misukosuko. Aliwabembeza kwa kamba, halafu akaikata kamba ili wajue kuelea kukoje. Aliyeandaliwa kwenda ni msichana wa miaka 17, Matha Mwambwa, pamoja na paka wawili. Nkoloso akaiomba UNESCO pauni milioni 7. Hazikuja. Tena alilalamika kwamba wanaanga wake wanawaza mapenzi kuliko mwezi, malalamiko ambayo mkuu yeyote wa shule ya sekondari ya mkoa huu angeyatilia saini bila kusoma.

Waandishi wa Ulaya na Marekani walimcheka wakaondoka. Lakini mwandishi wa Zambia, Namwali Serpell, aliyemfuatilia Nkoloso miaka mingi baadaye, ameuliza jambo ambalo hata mimi lilikuwa linanikera: kama mtu huyu, mpigania uhuru aliyewahi kufungwa na kuteswa na wakoloni, hakuwa yeye ndiye anayewacheka wao. Marekani na Urusi zinateketeza mali kugombea jiwe lililo juu, mweusi mmoja anavaa joho na kofia ya chuma, anabingirisha pipa, anaomba milioni 7 kwa uso mkavu. Nani kichekesho hapo? Na sisi Wakongo tusijifanye tuko mbali. Jean-Patrice Keka amekuwa akirusha roketi zake za Troposphère kule Menkao, nje ya Kinshasa, na ile ya tano, mwaka 2009, ilibeba panya. Iliondoka ardhini, ikageuza njia. Panya hakurudi kusimulia. Nilipomwambia patroni kisa hicho alicheka mpaka akakohoa, kisha akakaa kimya, akasema, "Lakini ule papa alirusha. Sisi tulirusha nini?"

Hapo ndipo ninapowatenga wale wanaocheka na wale wanaojua kucheka. Mtani anaruhusiwa kuingia msibani, akamvuta marehemu sanda, akamdai deni, akamwigiza alivyokuwa akitembea akiwa amelewa, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mpita njia akifanya hivyo anapigwa. Tofauti ni kwamba mtani alimjua marehemu hadi kukoroma kwake. Mel Brooks alimwendea Lucas kwanza, akaomba. Lucas akakubali, kwa sharti moja linalosimuliwa sana: asije akauza vikaragosi vya filamu hiyo madukani. Brooks akakubali, kisha ndani ya filamu yenyewe akajiweka yeye, mzee wa hekima Yogurt, anayeuza fulana, kitabu cha kupaka rangi na hata mtambo wa kurushia moto, vyote vyenye jina la Spaceballs. Huo ni utani wa mtu anayeijua ile nyumba mpaka jikoni.

Galaxy Quest ya mwaka 1999 ni hivyo hivyo. Waigizaji waliochakaa wa mchezo wa runinga unaofanana na Star Trek wanachukuliwa na wageni wa anga wanaoamini mchezo ule ulikuwa taarifa ya habari. Wamejenga chombo chote kwa kuufuatisha, hata korido ambayo haikuwa na sababu ya kuwepo, ila ilikuwa kwenye runinga. Unacheka, na katikati ya kucheka unagundua unawapenda wajinga hao. Lakini ziko zile za miaka ya 2000 na kitu, Epic Movie na wenzake, ambazo kazi yao ni kukuonyesha bango la mwezi uliopita na kukugusa kiwiko: umeliona? Patroni alituletea moja. Operata alinyamaza akakosa la kusema, watu wakatoka, na kwa mara ya kwanza katika historia ya banda hilo grupu ilizimwa kwa maombi ya wananchi.

Wapo watu wa maana hapa mjini wanaosema mambo haya ni ya watoto. Karani mmoja, simtaji ofisi, amenihubiria mara nyingi kwamba mtu mzima aangalie habari. Mars Attacks! ya Tim Burton ilipoonyeshwa, ile ya mwaka 1996 ambayo wanasiasa na majenerali wanawakaribisha watu wa Mars kwa hotuba, wanachomwa, wanaandaa hotuba nyingine, wanachomwa tena, na mwisho dunia inaokolewa na bibi kizee na sahani yake ya muziki inayowapasua wageni vichwa, nilimwona karani huyo huyo dirishani. Nje. Amesimama juu ya tofali, anacheka hadi machozi, bila kulipa franka hata moja. Nilipomsalimia kesho yake alisema alikuwa akipita.

Sasa habari imefika kwamba Juni 2025 Mel Brooks, akiwa na miaka 98, alitangaza Spaceballs ya pili, na Rick Moranis atavaa tena ile kofia, inatarajiwa 2027. Hapa itafika mto ukipenda. Patroni hakungoja. Ameshapandisha kiingilio, anasema ni kwa ajili ya kuitayarishia mazingira. Mazingira ninayoyaona ni turubai lile lile.

Ndipo vijana, kwa hasira, wakasema afadhali tutengeneze ya kwetu. Simu zipo za kurekodia, operata atafanya sauti, na hadithi tunayo, haihitaji hata kuongezwa chumvi: OTRAG, kiti cha Mobutu, ile roketi ya tatu. Mabomba ya kisima kilichoachwa na mradi yapo nyuma ya soko, tayari yamefungwa pamoja. Kikao cha kwanza kilifanyika bandani wiki iliyopita na kikavunjika kwa matusi, maana kila mtu anataka kofia ya chui. Patroni anasema grupu ni yake, kwa hiyo Mobutu ni yeye. Mzee wa mtumbwi anasema yeye ndiye pekee aliyeshuhudia. Karani, ambaye alikuwa akipita, amependekeza uteuzi ufuate ngazi ya elimu. Nafasi ya Kayser imekwenda kwa mfanyabiashara wa chumvi kwa sababu ana miwani. Wa kupiga makofi wamejiandikisha wengi kupita kiasi, na wote wanajua kazi.

Wa kuanguka bondeni bado hajapatikana.